Kanda za taarab hazijafa, zinauliwa na kopi

Mhariri,

Kila zinapokaribia sikukuu, simu za watu wa hapa Unguja hujaa taarab. Mmoja anarusha wimbo wa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, mwenziwe anajibu kwa kikundi cha Culture Musical Club, wa tatu anatia wa mwimbaji Bi Kidude, na mabishano yanaanza: nani alipiga fidla, nani alitunga, ubeti wa mwisho unasemaje hasa. Mazungumzo hayo ni matamu na yaendelee. Tatizo ni kile kinachorushwa. Mwimbaji anatokea puani, udi, lile gitaa la shingo fupi, hausikiki, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, inalia kama bati, na kijana anayeisikia kwa mara ya kwanza anaamua kuwa wazee walirekodi vibaya.

Hawakurekodi vibaya. Kanda nyingi zilizomo majumbani, ukizipiga kwa mashine safi iliyotegwa sawa, zina sauti pana na yenye nafasi. Kilichoharibika ni njia ya kutoka kwenye kanda hadi kwenye simu. Kaseti imepigwa kwenye redio yenye hedi (kile kipande kinachosoma ukanda) chafu, simu ikawekwa mbele ya spika, sauti ikanaswa kama ujumbe wa mdomo, ikatumwa, ikapakuliwa, ikanaswa tena na mwengine. Simu imetengenezwa imsikie mtu mmoja anayezungumza karibu nayo. Kila kinachofanana na mvumo hukifanya kelele na kukifuta, na kwa akili yake mvumo wa chelo na pumzi ya nai, ile filimbi ya mwanzi, ni kelele tu.

Kabla ya kugusa kaseti yoyote, sikio lipate kipimo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Globestyle ya Uingereza ilirekodi vikundi vya hapa kwetu kwa vyombo vizuri, na kazi hizo bado zinapatikana. Zisikilize si kwa kufurahi tu, bali kwa kupima: kanuni iko wapi, fidla ngapi, besi inashuka hadi wapi. Tumia spika za masikioni au spika kubwa. Spika ndogo ya simu huanza kukata chini ya hezi 300 hivi, na chini ya hapo ndiko uliko uzi mzito wa udi, ndiko iliko sehemu kubwa ya chelo, ndiko liliko dabalbesi zima. Anayesikiliza kidumbak, ndugu mdogo wa taarab, kwa spika ya simu anasikia fidla, cherewa za kutikisa na mkwasa wa kugonga. Sanduku, yaani besi yake, ambalo ndilo linalowainua watu vitini, halimo.

Katika bashraf, ule muziki wa vyombo bila ya mwimbaji, vyombo vyote hupita njia moja ya sauti, lakini kila kimoja kwa mwendo wake. Kanuni hujaza kwa vidole viwili vyenye pete, fidla huteleza kutoka sauti hadi sauti, udi hukanyaga chini, nai huingia kwa pumzi. Utamu wote umo katika tofauti hizo ndogo. Kopi mbaya huzikusanya zikawa donge moja, na msikilizaji akasema bashraf inachosha. Hana kosa, kwa sababu alichopewa hakina bashraf ndani yake.

Santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa zamani, zina habari yao. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani ya inchi 10 ilichukua kama dakika 3 kwa upande. Ndiyo maana wimbo unasikika umekatwa, beti chache, na mara nyengine unaendelea upande wa pili. Asije mtu akadhani nyimbo za wakati ule zilikuwa fupi. Sahani ndiyo iliyokuwa fupi. Linganisha na kanda iliyorekodiwa ukumbini, ambamo wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa, kwa kuwa watu wanainuka kutunza na mwimbaji anaurudia mshororo kila anapotunzwa. Makelele ya ukumbi, vigelegele na mtu anayeita jina la mwimbaji ni sehemu ya kanda hiyo. Wanaovikata ili “wimbo usafike” wanaondoa sababu ya wimbo kurefuka.

Sasa kazi yenyewe. Tunaandika kuhusu kaseti zaidi, kwa kuwa ndizo zilizobaki nyingi, na kwa kuwa ukanda wa milimita 3.81 unaokwenda sentimita 4.76 kwa sekunde hausamehe uzembe.

Kwanza itazame kaseti kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe pembezoni mwa ukanda, hiyo ni kuvu ya unyevu, na usiipige. Ukiipiga, kuvu inahamia kwenye hedi na kutoka hapo kwenye kaseti zote zitakazofuata. Ifungue nje ya nyumba, jifunge pua na mdomo, na uuzungushe ukanda polepole kwa mkono huku ukipita kati ya kitambaa laini kikavu. Vunja vijimeno viwili vya mgongoni, kama bado vipo, ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi akafuta harusi ya nyanya yake. Kisha tazama kile kisponji kilichobandikwa kwenye kibati katikati. Gundi yake hulegea kwa joto letu, kisponji kikaanguka au kikakaa upande, na hapo ukanda haugusi hedi sawasawa: sauti inakuja na kupotea, hasa ile nyembamba. Dawa ni kuuhamisha ukanda kwenye ganda la kaseti nyengine lenye skurubu tano. Yale maganda yaliyogandishwa bila skurubu hufunguliwa kwa kisu chembamba kwenye mshono, taratibu, na hayatumiki tena.

Ukanda uliokatika usiunganishwe kwa selotepu ya dukani. Gundi yake huvuja kwa joto na kunasa tabaka la juu na la chini. Kuna utepe maalumu wa kuungia, mwembamba, upana sawa na ukanda. Kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutanishe bila kupandana, na utepe ukae upande wa mgongo, si ule unaogusa hedi.

Kaseti za dakika 60 zina ukanda mnene kiasi, kama mikroni 18. Za 90 ni 12. Za 120 ni 9 tu. Hizi za 120, zilizopendwa kwa sababu zilimeza usiku mzima wa harusi, ndizo zinazovutika na kuliwa na mashine. Zipigwe mara moja, kwenye mashine bora uliyonayo, kazi ikiwa imeshatengenezwa yote. Kaseti yoyote iliyolala miaka izungushwe mbele mpaka mwisho na irudishwe nyuma mpaka mwanzo kabla ya kurekodiwa, ili tabaka zilizoshikana ziachane.

Kusafisha hedi kunahitaji spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ile wanayotumia mafundi simu kuoshea bodi, na pamba za masikio. Usitumie spiriti ya jiko yenye rangi, wala marashi, maana hilo nalo limeshaonekana. Sugua hedi na kile kipini cha chuma kinachovuta ukanda mpaka pamba itoke nyeupe. Rola ya mpira ifutwe kwa maji yenye sabuni kidogo na ikaushwe. Spiriti ikizoea kupita pale, mpira hukauka na kupasuka. Rola ikiwa ngumu na inang'aa, ibadilishwe, na mkanda wa mota pia, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoifanya sauti ya kanuni iyumbe. Kanuni ni shahidi mzuri: uzi wake ukipigwa, sauti inatakiwa ififie ikiwa kwenye kimo kilekile ilichoanzia. Ukisikia inapanda na kushuka huku ikififia, mashine yako haijawa tayari.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui na ambalo peke yake hurejesha nusu ya sauti iliyopotea. Hedi inatakiwa isimame wima kabisa mbele ya ukanda, na kaseti ilirekodiwa kwenye mashine ambayo hedi yake huenda ilikuwa imeinama kidogo. Mashine yako ikiwa imenyooka na ile iliinama, sauti nyembamba zinapotea: vigwaru vya rika (ile tari yenye vibati), ukali wa fidla, herufi s na sh katika maneno ya mwimbaji. Pembeni mwa hedi kuna skurubu mbili. Moja imekazwa, nyengine ina springi chini yake. Hiyo ya springi ndiyo ya kurekebishia. Weka sauti katika hali ya mono, yaani pande mbili zikiwa moja, piga kaseti, na kwa bisibisi ndogo isiyo na sumaku izungushe kidogokidogo, robo mzunguko na chini ya hapo, kushoto na kulia, mpaka sauti iwe angavu kuliko pote. Utasikia wazi, mithili ya pazia kuondolewa. Fanya hivyo kwa kila kaseti, na ikibidi kwa kila upande, kwa sababu zilizotolewa kopi madukani kwa mashine ya kaseti mbili, tena kwa kasi ya haraka, kila moja ina mwinamo wake. Weka alama ya wino skurubu ilipokuwa mwanzo ili uweze kuirudisha.

Kitufe cha Dolby, cha kupunguza mchirizo wa kanda, kizimwe isipokuwa kaseti imeandikwa kuwa ilirekodiwa nayo. Ukiiwasha kwa kaseti isiyokuwa nayo, inakula sauti zote nyembamba, na kaseti nyingi za mtaani hazikuwa nayo.

Toa sauti kwenye matundu mekundu na meupe nyuma ya mashine, si kwa spika. Waya uingie kwenye kifaa kidogo cha kuingizia sauti chenye USB, kisha kompyuta. Tundu la maikrofoni la laptopu usilitumie: nyingi ni mono na linaikuza sauti kupita kiasi, ikapasuka. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya laptopu uende kwa betri, mara nyingi unaondoka. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi katika faili la WAV, kilohezi 48, biti 24, na vilele vya sauti visivuke desibeli 6 chini ya sifuri. Saa moja itachukua kama gigabaiti 1. Watu hulalamika kuwa ni kubwa, kisha simu yao ina video za vichekesho mara kumi ya hiyo.

Hapo tunafika kwenye kasi, na hapa ndipo mabishano mengi ya simuni yanapozaliwa. Mtu anasema mwimbaji fulani alikuwa na sauti ya juu mno, mwengine anakataa, na wote wawili wanasikiliza kopi zenye kasi tofauti. Namna ya kuamua ipo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na amplifaya za ukumbini zilivuma kwa hezi hizo, mara nyingi zaidi kwa 100, na mvumo ule umo ndani ya kanda. Chukua sekunde chache ambazo hakuna anayepiga, zipeleke kwenye mchoro wa masafa wa Audacity, utafute kilele karibu na 50 au 100. Ukikikuta kwenye 53 badala ya 50, kanda yako inakwenda haraka kwa asilimia 6, yaani karibu nusu toni nzima. Ipunguze kasi kwa asilimia 5.7, kwa kutumia amri inayobadilisha kasi na kimo cha sauti kwa pamoja, si ile ya kimo peke yake. Lakini hakikisha kwanza kuwa mvumo huo ni wa kandani: simamisha kaseti huku ukiendelea kurekodi, na kinachobaki ni cha nyaya zako mwenyewe.

Kaseti zilizorekodiwa kwa redio ya betri zina ugonjwa wa peke yake. Betri zikichoka, mashine ilirekodi polepole zaidi kila dakika, kwa hiyo ukiipiga leo wimbo unakwenda ukipanda, na mwisho wa upande mwimbaji anasikika mtoto. Hiyo hairekebishwi kwa namba moja. Pima mvumo mwanzoni, katikati na mwishoni, kisha badilisha kasi kwa mteremko.

Kuhusu kusafisha mchirizo, ile “shshsh” ya kanda, neno ni moja: acha. Kama huwezi kuacha, ondoa desibeli 6, basi. Programu hizi hupewa sampuli ya kelele zikaondoa kila kinachofanana nayo, na mgusano wa pete na uzi wa kanuni unafanana nayo, na pumzi ya nai pia. Kinachobaki kina sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya mwimbaji. Mchirizo sikio huuzoea kwa dakika mbili. Ile ya maji haizoeleki. Na faili la asili lisiguswe kabisa, kazi zote zifanywe kwenye nakala.

Santuri tuseme kwa ufupi. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika zimetengenezwa kwa shelaki, na shelaki inayeyuka kwa spiriti. Anayezifuta kwa spiriti anafuta wimbo. Maji safi kidogo, tone la sabuni laini, kitambaa, na lebo isilowe. Mfereji wake ni mpana, unataka sindano ya mikroni 76 hivi. Sindano ya santuri za plastiki ni kama 18 na inatambaa chini kabisa ambako kuna vumbi tu. Na tafadhalini wenye gramafoni za mkono zilizowekwa sebuleni kwa mapambo, msizipigie wageni santuri za asili. Kichwa kile ni kizito, sindano yake ya chuma ilikusudiwa kubadilishwa kila upande, na kila mpigo unachonga.

Kurushiana sasa. Tengeneza faili la FLAC kutoka kwenye WAV. Ukubwa unapungua kwa karibu nusu na hakuna kinachopotea. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, si kama sauti, ndipo inafika ilivyo. Ukilazimika kutuma MP3, iwe ya kilobiti 320, uitoe moja kwa moja kwenye faili kuu na si kutoka MP3 nyengine. Faili kuu zikae kwenye diski mbili, moja katika nyumba nyengine. Flashi si ghala. Kaseti zenyewe zisitupwe. Zisimamishwe wima ndani ya boksi linalofunga na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, mbali na spika, na mbali na kabati za ukutani za Mji Mkongwe. Kuta zile za mawe na chokaa hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa polepole mwaka mzima.

Si kila kanda ni ya kurushwa. Zipo za harusi zilizorekodiwa katika faragha ya wanawake, ambamo waliomo waliimba na kucheza wakijua hakuna mwanamme wala mgeni. Hizo zinahifadhiwa na wenyewe. Nyimbo za vikundi zina watunzi na warithi, na anayetaka kuziweka hadharani mtandaoni aanzie kwa kikundi chenyewe na kwa COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar.

Jengine ni maandishi. Faili lililoitwa “taarab tamu 3” halina faida kwa mtu yeyote. Liandikwe jina la wimbo na mshororo wake wa kwanza, kwa kuwa nyimbo mbili huweza kuitwa jina moja, mwimbaji, mtunzi wa shairi, aliyetia muziki, ambaye mara nyingi si yule wa shairi na ndiye anayesahauliwa, kikundi, mahali, mwaka, au angalau muongo, na kama ni ukumbini, studio ya redio au nyumbani. Andika pia kilichoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya kaseti, hata kama unaona kimekosewa, na kipige picha.

Hapo ndipo gazeti lako, Mhariri, linapoweza kutusaidia kuliko mashine yoyote. Tunaomba nafasi ndogo kila wiki, mistari kumi inatosha, ichapishwe mishororo ya kwanza ya nyimbo ambazo mtunzi wake hajulikani kwenye kaseti, pamoja na jina la kikundi pale linapojulikana. Wapo watu wazima Wete, Mkoani, Makunduchi, Mkokotoni na hapa mjini ambao simu za kisasa hawazitaki, lakini gazeti wanalisoma mpaka matangazo ya vifo. Wakiona mshororo, watajua ni wa nani.

Ni sisi wasikilizaji wa taarab asilia,
Ng'ambo, Unguja